Tanzia Iliyotumwa Mara ya Pili

Aliyesambaza kirusi katika kompyuta za vituo vyetu ni aliyekuwa Mkuu wa Kituo cha Iringa. Si katibu muhtasi wake. Aliyejua hivyo na akanyamaza mbele ya kamati ya uchunguzi ni mimi, niliyekuwa msimamizi wa masjala. Nayaweka mambo haya mawili mwanzoni kwa sababu nimetunza kumbukumbu kwa miaka thelathini na mmoja, na najua kwamba jambo lisilowekwa mbele katika jalada huishia kutafutwa na watu wasio na subira, nao hukata tamaa kabla hawajalifikia.

Taasisi yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema kwamba inashughulika na kilimo cha umwagiliaji, ina ofisi ya kanda Mbeya, kituo Iringa, na vituo vidogo kadhaa, kimojawapo kikiwa Madibira kwenye mashamba ya mpunga. Nilianza kazi humo nikiwa karani wa kupeleka majalada, nikastaafu nikiwa na ufunguo wa masjala nzima.

Zamani hakuna barua iliyomfikia ofisa kabla ya kupita kwetu. Tuliifungua sisi, tukaigonga mhuri wa kupokelewa, tukaipa namba ya folio, tukaifunga ndani ya jalada lake, ndipo ikabebwa kupelekwa kwa mhusika. Kama barua ilikuwa na mashaka, mashaka hayo yaliishia dirishani kwetu. Baruapepe zilipoingia, barua ilianza kuruka dirisha letu na kutua moja kwa moja mezani kwa mkubwa. Hakuna aliyeuliza imetoka mikono ya nani wala imebeba nini. Nilipinga kwa maandishi mara mbili. Mara ya tatu nikaruhusiwa, nadhani kwa kuchoshwa nami tu, kuweka daftari: kila baruapepe ya kikazi inayoingia au kutoka Kituo cha Iringa nijulishwe, niandike saa, mtumaji, kichwa cha habari na jina la aliyeishughulikia.

Walinicheka. Mhasibu alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Mzee, leo umeorodhesha pepo ngapi?" Nami nilimjibu kwamba acheke apendavyo, ila kabla hajaondoka anitajie saa aliyotuma barua yake ya asubuhi. Alinitajia. Wote walinitajia, kwa sababu kwetu mtu anaweza kumcheka mzee lakini hamnyimi jibu.

Ulinzi wa kompyuta zetu ulikuwa mikononi mwa mtaalamu wa ofisi ya kanda, mama mmoja mwenyeji wa Tukuyu aliyekuja Iringa mara moja kila robo mwaka. Hakuwa na maneno mengi. Katika ziara mojawapo alifunga programu iliyozuia kila kiambatisho kinachoingia, kikakaa pembeni hadi yeye au katibu muhtasi akikague na kukiachia. Wiki haikuisha, Mkuu wa Kituo akalalamika kwamba barua zake zinachelewa. Mtaalamu akaandika dokezo la kurasa mbili kueleza sababu, kisha akaja kumweleza kwa mdomo. Nilikuwepo, nimesimama na majalada ya kusainiwa.

"Kwetu," alisema, "ukikata mgomba mgonjwa, panga unalipitisha motoni kabla hujagusa mgomba wa pili. Anayeona moto unamchelewesha anamaliza shamba lake kwa panga lake mwenyewe, na la jirani pia, kama jirani ataliazima panga hilo."

Mkuu alicheka kwa adabu. Alichukua kalamu, akaandika chini ya dokezo: "Kizuizi hiki kiondolewe. Kinachelewesha kazi." Akasaini. Niliweka dokezo hilo ndani ya jalada la mawasiliano, folio ya kumi na nne, na limo humo hadi leo kama halijachomolewa.

Sasa nieleze Jumatatu ya tukio lenyewe, na kwanza nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali huenda asilielewe. Kwetu tanzia haiwekwi kiporo. Mtu akiacha mwaliko wa semina bila kuufungua, anasamehewa siku hiyo hiyo. Akiacha tanzia, ataulizwa kwenye msiba unaofuata, na ataulizwa mbele za watu. Mkuu wetu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya misiba ya watumishi, na ili kumbukumbu zikae sawa lazima niseme kwamba kazi hiyo aliifanya vizuri. Niliwahi kumwona akisukuma gari kwa mikono yake kwenye tope la Makete wakati wa masika, suruali imeloa hadi magotini, ili tuwahi kumzika baba wa mlinzi wetu. Mtu wa namna hiyo hafikirii mara mbili anapoona neno TANZIA.

Ujumbe uliingia saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Ulitoka kwenye anwani ya mtunza ghala wa Mbeya, mtumishi mwenzetu, na juu yake kulikuwa na kichwa cha habari kile kile cha tanzia ya mama yake mzazi tuliyoipokea mwezi uliotangulia. Maneno yalikuwa machache: tafadhali tazama ratiba iliyoambatishwa. Mkuu akafungua. Karatasi ikamwambia kwamba ili maandishi yaonekane ni lazima abonyeze kitufe cha kuruhusu. Akaruhusu. Hakikuonekana kitu.

Hapo ndipo alipotoka ofisini kwake na kuja kwenye meza ya katibu muhtasi. Huyu alikuwa mama wa Kihehe wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo, aliyekuwa ameketi mbele ya mlango ule kwa miaka kumi na mbili. Mkuu alimwagiza aifungue tanzia kwenye mashine yake, aichape, aibandike ubaoni na kuituma vituo vyote.

Katibu muhtasi aliutazama ujumbe bila kuugusa. Akasema kwamba msiba huo anaukumbuka, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya rambirambi mwezi uliopita, na mama wa mtunza ghala alikwisha kuzikwa Kyela. Ratiba hii ni ya nini?

Mkuu alijibu kwamba pengine ni ya kumaliza msiba. Msiba hauhojiwi, alisema, unaitikiwa.

"Nitaitikia, mheshimiwa," akasema katibu muhtasi, "ila naomba nimpigie mwenye msiba kwanza."

Alichukua simu yake akatoka kwenda barazani, kwa kuwa ndani ya ofisi ile mawasiliano yalikatika kila wakati. Mashine yake aliiacha wazi. Hilo ni kosa, na mwenyewe hajawahi kulikana. Mkuu alisubiri kidogo. Kisha akaketi kwenye kiti cha katibu muhtasi, akafungua kiambatisho kwa mara ya pili, akaruhusu tena, na alipoona bado hakuna kitu akaituma tanzia vituo vyote, na kuongeza maneno yake mwenyewe: "Tanzia hii ifunguliwe na watumishi wote bila kukosa." Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikiwa na majalada kifuani na daftari juu yake. Nikaandika kama nilivyoandika kila kitu: saa tatu na dakika tano, imetumwa vituo vyote na Mkuu wa Kituo mwenyewe, kwa mashine ya katibu muhtasi, mwenye mashine akiwa nje.

Katibu muhtasi alirudi akiwa bado ameshika simu. Mtunza ghala alikuwa amemjibu kwa Kinyakyusa kwanza, kwa mshangao, kisha kwa Kiswahili.

"Anasema mama yake alimzika mara moja na inatosha," alisema. "Hajatuma kitu."

Mkuu alisema, "Basi imeshakwenda."

Msomaji anaweza kudhani kwamba vituoni watu waliona karatasi isiyofunguka wakaiacha. Sivyo. Ilikuwa tanzia, na ilikuwa na amri ya Mkuu. Karani wa Madibira alipiga simu masjala kabla ya saa nne, akaanza kwa kutupa pole, kisha akaomba msamaha kwamba ratiba inamkatalia ingawa ameshaijaribu mara sita. Alikuwa ameihamishia kwenye mashine ya bwana shamba, ikakataa. Akaipeleka kwenye mashine ya jumuiya ya wakulima, jengo la pili, nako ikakataa. Alitaka kujua kama azike bila ratiba. Nilimwambia asiiguse tena. Akanijibu kwa utii kwamba sawa, mzee, ila ameshaituma kwa wenzake wa Rujewa wamsaidie kuifungua.

Kufikia mchana kila mashine iliyoifungua ilikuwa ikituma tanzia yenyewe kwa kila anwani iliyowahi kuandikiana nayo. Mtunza ghala wa Mbeya aliniambia baadaye kwamba siku ile alipokea pole nyingi kuliko siku aliyomzika mama yake, na kwamba mjomba wake alipanda gari kutoka Tunduma akaja na blanketi la kulalia msibani. Siku ya pili majalada yaliyomo ndani ya mashine yakaanza kukataa kufunguka. Madibira walipoteza orodha za zamu za maji wakati wakulima wanaandaa vitalu, wakalazimika kuziandika upya kwa mikono, wakitembea jaruba kwa jaruba kuuliza nani alikuwa na zamu lini.

Mtaalamu wa Mbeya alifika siku hiyo ya pili kwa basi la kwanza. Hakusalimia sana. Alipita chumba kwa chumba akichomoa waya wa mtandao kwenye kila mashine, akazikunja nyaya zote na kuzitia katika mfuko mmoja, akaubeba mwenyewe. Kisha akatukusanya na kuuliza nani amefungua. Alisema yeye hatafuti mwenye dhambi, anatafuta mashine, na kwamba aibu ya mtu mmoja inakipa kirusi siku nzima ya kutembea. Mhasibu akanyoosha mkono. Halafu wengine. Mkuu hakuwepo katika kikao hicho. Alikuwa ameitwa Mbeya.

Kwa siku tisa taasisi ilirudi kwenye karatasi, na nakiri kwamba siku hizo masjala iliheshimiwa. Nilitumia heshima hiyo haraka kabla haijapoa. Mtaalamu na mimi tuliketi na kuandika utaratibu: kiambatisho chochote ambacho hukukitarajia, hata kama mtumaji ni ndugu yako wa tumbo moja, mpigie kwanza, tena kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Karatasi ikikuomba ruhusa ili isomeke, usiipe, maana karatasi ya kweli haiombi ruhusa. Ukiwa umeshafungua, chomoa waya na useme papo hapo, na atakayesema hatakaripiwa. Usitumie mashine ya mwenzako, wala usiache yako wazi. Tanzia, kwa pendekezo langu, itumwe kama maneno tu ndani ya ujumbe wenyewe, bila kiambatisho: jina, mahali, siku. Marehemu hahitaji zaidi ya hayo. Utaratibu huo ulipitishwa bila kubadilishwa neno, na unatumika hadi sasa Mbeya na Iringa.

Sehemu ninayoionea haya ni inayofuata.

Iliundwa kamati ya watu watatu, nami nikateuliwa kuwa mwandishi wa mihtasari yake. Mwenyekiti alikuwa na taarifa iliyotolewa na mashine. Aliuliza ujumbe ulikwenda vituoni kutoka kwenye akaunti ya nani. Jibu lilikuwa: ya katibu muhtasi. Katibu muhtasi alipoitwa alieleza kwamba alikuwa barazani. Mwenyekiti alisema tujielekeze kwenye ushahidi wa mashine, kwa sababu mashine haina upande. Mkuu aliulizwa kama alimwagiza atume. Alisema ndiyo, aliagiza tanzia itumwe, kama mwenyekiti yeyote wa kamati ya misiba. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lilikuwa pia limekatwa mahali pabaya.

Daftari langu lilikuwa chini ya karatasi za muhtasari, mkononi mwangu. Hakuna aliyeniuliza lolote, kwa kuwa mwandishi haulizwi. Ningeweza kusimama. Jalada langu la kustaafu lilikuwa mezani kwa Mkuu likisubiri saini yake, na nilikuwa nimebakiza wiki tano. Nikaandika nilichosikia, kwa mwandiko mzuri, nikafunga muhtasari.

Katibu muhtasi alipewa barua ya onyo kali kwa "kusambaza kirusi kwa uzembe" na akaondolewa ofisini. Walimpeleka kwenye ghala la taasisi lililoko Ipogolo, kando ya barabara kuu, kuandika vibali vya malori kutoka getini. Ipogolo ndiko ninakoishi. Tangu nistaafu nimepita mbele ya dirisha lake kila nikienda kupanda gari la mjini, na kila mara amenisalimu vizuri: kamwene, mzee. Kwa miezi saba nilimwitikia na kuendelea na safari.

Mwezi uliopita alinisimamisha. Nafasi ya katibu muhtasi wa ofisi ya kanda ilikuwa imetangazwa, naye alikuwa ameomba. Alikwisha kuomba mara moja kabla ya hapo, na barua ile ya onyo ndiyo iliyomrudisha. Umri wake haumruhusu kuomba mara ya tatu. Aliniomba, kwa kuwa nazijua taratibu, nimtazamie kama maombi yake yamekaa sawa. Nilisoma kurasa zote nikiwa nimesimama. Hazikuwa na kosa hata moja. Alikuwa ameambatisha nakala ya onyo lile yeye mwenyewe, na chini yake maelezo mafupi ya upande wake.

Nilimuuliza kwa nini hakumtaja shahidi.

"Mzee, daftari ulikuwa nalo wewe," akasema. "Nilisubiri uliseme mwenyewe."

Lori lilikuwa getini, akaligeukia kuliandikia kibali.

Siku ya pili yake nilikwenda Mbeya. Aliyekuwa Mkuu wetu sasa ana cheo kikubwa zaidi katika ofisi ya kanda, na hakuninyima nafasi. Alinipokea kwa mikono miwili, akaagiza chai, akauliza habari za mahindi yangu. Nilimwonyesha nakala ya ukurasa wa daftari. Aliusoma polepole, na sikuona chuki usoni mwake.

"Mzee wangu, umestaafu, pumzika," alisema. "Mimi nilifungua tanzia. Nitajie Mtanzania mmoja asiyefungua tanzia."

Nilimwambia kwamba simlaumu kwa kuifungua. Hata mimi ningeifungua. Namlaumu kwa kuondoa kinga kwa saini yake, kwa kutuma huku mtu akiwa nje anauliza, na zaidi ya yote kwa kumwachia mama yule abebe kazi ya vidole vyake.

"Na wewe ulibeba nini siku ile?" akauliza.

"Nilibeba daftari, nikalinyamazia. Hilo nimeliandika pia. Liko aya ya kwanza ya barua yangu."

Alinirudishia ule ukurasa. Halafu akasema kwamba mambo haya yakirudishwa yataharibu watu wengi. Nilimjibu kwamba mpaka sasa yameharibu mtu mmoja, na mtu huyo anaandika vibali vya malori. Nikamshukuru kwa chai.

Kutoka ofisini kwake nilishuka ghorofa ya chini hadi masjala ya kanda. Nilikabidhi barua yangu pamoja na nakala iliyothibitishwa ya ukurasa wa daftari, nakala ya ukurasa wa muhtasari nilioandika mwenyewe pungufu, na tamko langu la kiapo. Karani aliniuliza kama barua ni ya siri. Nilimwambia hapana, iwe wazi. Akagonga mhuri wa kupokelewa. Nilisubiri nione ameandika na namba ya folio.

Kamati ya ajira inakutana mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo, mbele ya yeyote atakayeyasoma maandishi haya, narudia kwa ukamilifu ninachodai. Nadai barua ya onyo kali iondolewe katika jalada la katibu muhtasi kabla ya kikao hicho, na nafasi yake ichukuliwe na barua ya kumsafisha. Nadai dokezo lililo folio ya kumi na nne litolewe na kusomwa mbele ya kamati, pamoja na maandishi yaliyo chini yake. Nadai aliyekuwa Mkuu wa Kituo cha Iringa ajibu kwa maandishi ni nani aliyeketi kwenye kiti kile saa tatu na dakika tano. Nadai nami niitwe, nihojiwe kuhusu ukimya wangu, na nichukuliwe hatua inayostahili, kustaafu kwangu kusiwe kinga. Na nadai majibu ya haya yote yatolewe ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya mhuri, yakiwa na jina, cheo na saini ya anayejibu.